Usiku wa kimbunga Hidaya: kuna mwingine aliyesikia ule ukimya wa katikati?

#1 Mwana_Kivinje
Habari za humu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi tarehe 4 Mei 2024 nilikuwa Kilwa Kivinje, nyumbani kwa wazazi. Mvua ilianza mapema, upepo ukazidi baada ya Isha, na usiku ulipokuwa mkubwa tulikuwa hatusikilizani ndani ya chumba kimoja. Bati la upande wa baharini lilikuwa linavuma. Si kugonga, linavuma, kwa sauti moja ndefu, na ukiweka kiganja ukutani unausikia ukuta wote unatetemeka. Mama aliwakusanya watoto kwenye ukumbi, mbali na madirisha, akawafunika kanga vichwani.

Halafu pakatulia. Upepo haukupungua kidogo kidogo, ulikatika. Tukasikia maji yakidondoka kutoka kwenye makuti ya jikoni, tukamsikia jirani akikohoa nyumba ya pili. Baba akachukua tochi, akafungua mlango, akatoka kwenda kuangalia bati. Shangazi yangu, mzaliwa wa Lindi, akamrudisha kwa ukali ambao sijapata kuuona kwake: "Rudi ndani! Hakijesha hicho, kinageuka!" Shangazi alikuwa mtoto mdogo kimbunga cha 1952 kilipoipiga Lindi. Haukupita muda mrefu upepo ukarudi.

Sasa mdogo wangu, ambaye tulikuwa naye ukumbi huo huo, anaapa kwamba hapakuwa na ukimya wowote usiku ule, na kwamba nimechukua hadithi ya shangazi nikaifanya yangu. Tumebishana mpaka mama ametukataza kuligusa jambo hili wakati wa chakula.

Mliokuwa Mafia, Kilwa, Rufiji na Lindi: mliusikia? Na upepo uliporudi ulitoka upande gani?

#2 Kitasa
Nimeweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Kilindoni_Yetu
Mafia hapa, kwetu ndiko kilikoingilia nchi kavu, hiyo Jumamosi yenyewe. Nikujibu kwa nilichokiona tu. Upepo ulianza kusini, ukakaa huko muda mrefu, halafu ukawa haueleweki unatoka wapi, halafu ukaja wa upande mwingine kabisa. Kati ya hapo ulipungua sana. Lakini ukimya wa kusikia mtu anakohoa, hapana. Mvua haikutupa nafasi hiyo.

Ninachokumbuka kuliko vyote ni majani ya mnazi. Hayakuanguka chini, yalikuwa yanapita ubavuni, usawa wa kichwa cha mtu mzima. Mzee mmoja mtaani kwetu alikatazwa kutoka na wanawe watatu wakamshika mikono, kwa sababu alitaka kwenda kufungua mashua yake aisogeze. Asubuhi mashua ipo, nanga imeshika, mtumbwi wa jirani yake hatujauona mpaka leo.

#4 Msomi_wa_Mawingu
Mleta uzi, mada nzuri sana. Nikusaidie kwa upande wa hali ya hewa.

Kimbunga kikikomaa kina jicho katikati, eneo tulivu ambalo mara nyingi upana wake ni kilomita 30 hadi 60 hivi, na kuzunguka jicho hilo ndiko kwenye upepo mkali kuliko sehemu zote. Jicho likikupitia juu ya kichwa unapata upepo, kisha utulivu, kisha upepo wa upande wa pili. Shangazi yako alikuwa sahihi kabisa kumrudisha mzee ndani, maana duniani kote watu hufa kwa kutoka wakati huo.

Tatizo ni ramani. Hidaya ilielekea Mafia. Kutoka Mafia hadi Kivinje ni kama kilomita 100 kwenda kusini. Jicho haliwezi kuwa lilipita Kivinje. Isitoshe, kwa kusini mwa ikweta vimbunga vinazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Chora duara uone mwenyewe: aliye kusini mwa kitovu anapata upepo unaotoka baharini, aliye kaskazini anapata unaotoka bara. Kwa hiyo Kilwa mlipaswa kupata upepo wa baharini usiku kucha, ukianzia kusini-mashariki na kusogea mashariki polepole. Dar ndio waliopata wa kutoka bara.

#5 Mwana_Kivinje
Asante mkuu, duara nimelichora na nimelielewa. Lakini ramani haikuwepo ukumbini kwetu. Kikohozi cha jirani nilikisikia, na nilimtambua kuwa ni nani.

#6 Mzee_wa_Kupwa
Namba 4 amesema kweli kuhusu Dar. Nilikuwa Kigamboni siku ile. Upepo ulitoka bara, ukiyasukuma maji kwenda nje, watu wakashangaa bahari iko mbali. Tuliokuwa tunangoja mawimbi yatupande tulibaki tunatazama mchanga. Boti za kwenda Unguja zilikuwa zimesimamishwa tangu mapema, bandarini watu wamelala juu ya mizigo yao.

#7 Nahodha_Mstaafu
Nawasalimu nyote.

Nimekaa baharini maisha yangu yote, nitasema mawili.

La kwanza. Upepo wa kimbunga hauji kwa mfululizo, unakuja kwa mikupuo. Mawingu yake yamejipanga kwa mistari inayozunguka, mstari mmoja wa mvua na upepo, halafu mwanya, halafu mstari mwingine. Ukiwa kwenye mwanya unaweza kupata utulivu wa kusikia kikohozi, hata ukiwa mbali na kitovu. Baharini ndio wakati wa kurekebisha kamba haraka haraka. Mleta uzi hajasema uongo, na Msomi naye hajasema uongo.

La pili, ambalo naona watu wanalisahau. Hidaya ilikuja mwezi 25 Mfungo Mosi. Maji mafu yale, bahari haijai sana. Siku nne baadaye mwezi ukaandama, na maji yakawa ya bamvua, yale ya kujaa sana. Ingechelewa siku hizo chache, upepo ule ule wa kutoka baharini ungeikuta bahari iko juu, na hapa tungekuwa tunahesabu majina ya watu wa Kivinje, Somanga na Songo Songo. Nilipoisikia tarehe nilifungua kalenda kabla ya kufungua redio.

#8 Fundi_Mabati
Mimi nina jibu jingine kabisa, na silitoi kwenye mawingu.

Bati likivuma kwa sauti moja ndefu ujue limelegea ukingo mmoja huku mwingine umeshikwa. Hewa inaingia chini, inalitikisa, nyumba nzima inaitika. Sasa kelele hiyo inakatika kwa njia mbili. Ama upepo umepungua, ama bati limeng'oka. Likishang'oka nyumba inanyamaza kwa ghafla, na kwa masikio yaliyokuwa yamezibwa na kelele kwa saa nzima, upepo uliobaki unaonekana si kitu. Hapo ndipo unasikia kikohozi.

Mleta uzi, asubuhi bati la upande wa baharini mlilikuta?

#9 Mwana_Kivinje
Fundi, umenigusa pabaya. Hatukulikuta. Karatasi moja ya ukingoni ilikuwa imeondoka na misumari yake, tukaipata kwa jirani imejikunja kwenye mwembe. Lakini sijui liliondoka saa ngapi. Baba anasema alipotoka na tochi lilikuwepo.

#10 Kitasa
Fundi nakupa tano. Kambi yangu naihamishia upande wako.

#11 Nahodha_Mstaafu
Fundi, hoja nzito, siipuuzi. Ila baba mtu alitoka nje. Mtu mzima wa Kivinje, anayeijua bahari, hafungui mlango upepo ukiwa bado unavuma eti kwa sababu bati limenyamaza.

#12 Fundi_Mabati
Nahodha, heshima yako. Nimepaua nyumba nyingi za pwani, na nakuambia baba mwenye nyumba anatoka nje kwenye hali yoyote akihisi paa linaondoka. Nimewashusha wengine kwenye ngazi mvua ikinyesha.

#13 Binti_Lindi
Nimesoma namba 1 mwili ukasisimka, maana hayo maneno "hakijesha, kinageuka" ndiyo aliyokuwa akiyasema marehemu bibi yangu kila masika upepo ukitulia. Hata ukiwa upepo wa kawaida tu.

1952 bibi alikuwa ameshaolewa, wakikaa Lindi mjini. Alisimulia kwamba kilipotulia watu walitoka barabarani wakaanza kuitana majina, nyumba kwa nyumba, kuulizana nani mzima. Mbingu ilikuwa na rangi ambayo hakuwahi kuiona tena. Watu wakaanza kuokota vyombo vyao. Shemeji yake akaenda kufunga mbuzi waliokuwa wamekatika kamba, nyuma ya nyumba tu pale. Upepo uliporudi ulirudi kwa mgongo, kwa upande ambao nyumba zilikuwa hazijajikinga, milango yote ilikuwa wazi. Shemeji yake walimkuta kesho yake, ukuta umemlalia.

Bibi hakuwahi kufuga mbuzi maisha yake yote. Tulikuwa tunadhani hapendi harufu.

#14 Mwana_Kivinje
Binti, pole sana. Shangazi naye anasimulia habari ya watu kuitana majina barabarani, kwa maneno karibu hayo hayo. Nitamsomea ulichoandika.

#15 Shangani
Kwa faida ya vijana: Lindi ilipigwa tarehe 15 Aprili 1952. Unguja ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872. Tarehe moja, miaka 80 kati yake.

Hicho cha Unguja kilimkuta Sayyid Barghash hata miaka miwili hajatimiza kwenye kiti. Majahazi na meli bandarini ziliangamia, pamoja na merikebu zake mwenyewe. Baadaye akaagiza meli mpya kutoka Uskochi, ile Glasgow ya mwaka 1878, ambayo Waingereza waliizamisha tarehe 27 Agosti 1896. Mashambani ndiko kulikokuwa na hasara ya kudumu. Minazi na mikarafuu ya Unguja ililala, sehemu kubwa kabisa. Kisiwa cha Pemba kikanusurika, na tangu hapo karafuu ni Pemba. Mtu akikuuliza kwa nini Pemba ina karafuu kuliko Unguja, sehemu ya jibu ni upepo wa siku moja.

Na kuhusu mada: walioandika habari za 1872 wanataja utulivu katikati, halafu upepo wa upande wa pili. Hilo lilikuwa jicho lenyewe.

#16 Mkaa_Ukingoni
Miaka 80? Basi 15 Aprili 2032 mimi nitakuwa Dodoma kwa shemeji yangu. Naweka nafasi mapema.

#17 Msomi_wa_Mawingu
Namba 16, Dodoma karibu, ila hesabu hiyo haina msingi. Mambo mawili yakitokea tarehe moja hayatengenezi ratiba. Na Hidaya imekuja Mei, tarehe 4, haikungoja 2032. Aprili na mwanzo wa Mei ni mwisho wa msimu wa vimbunga kwenye bahari yetu, na maji ya upande wetu bado yana joto. Kimbunga kinahitaji maji ya nyuzi 26 na nusu hivi au zaidi.

#18 Mtwara_Kuchele
Mtwara tunaulizwa lini? Sisi tuna kimbunga Kenneth, 25 Aprili 2019. Shule zilifungwa, makazini watu waliambiwa wabaki nyumbani, wengine walihamia kwenye majengo imara. Mchana ule mji ulikuwa mtupu. Kikatua Pemba huko.

#19 Shangani
Pemba ipi tena? Pemba hakikufika.

#20 Mtwara_Kuchele
Pemba ya Msumbiji mkuu, jimbo la Cabo Delgado. Si yenu ya karafuu.

#21 Mngazija
Na hata hiyo si sahihi sana. Kenneth kiliingia kaskazini mwa mji wa Pemba, upande wa Macomia, na kisiwa cha Ibo kikavunjwa vibaya. Siku moja kabla kilipita kaskazini ya Ngazija, kwetu. Migomba yote ya nyumbani ililala upande mmoja, imepangika kabisa.

Halafu wenzetu wa Msumbiji walikuwa ndio kwanza wametoka kwenye Idai, Beira, katikati ya Machi mwaka huo huo. Wiki sita tu kati yake. Nchi moja.

#22 Mtwara_Kuchele
Asante kwa kunyoosha. Nilichotaka kusema ni kwamba siku ile sisi hatukupata ukimya wala dhoruba. Upepo wa wastani kutoka bara, mawingu yanakimbia, basi. Kwa duara la namba 4 inaingia akilini, maana tulikuwa kaskazini ya kitovu.

Ila madhara yake yakaja baadaye. Mwaka 2021 wakatangaza Jobo, watu wakanunua maji na mishumaa, Jobo kikafifia baharini. Basi Hidaya ilipotangazwa kuna ndugu zangu wavuvi walisema "hizo hizo za Jobo" wakaingia majini. Wamerudi, Alhamdulillahi, lakini wamerudi bila nyavu, na mmoja hadi leo haingii baharini upepo ukiwa wa kusini.

#23 Sauti_ya_Msikiti
Vififie vyenyewe tu? Tulisoma dua misikiti yote ya pwani, makanisa nayo yakaomba. Kimefika nchi kavu kimekosa nguvu. Mamlaka ya Hali ya Hewa wenyewe walitangaza kimepoteza nguvu kilipoingia Mafia. Msisahau kushukuru.

#24 Msomi_wa_Mawingu
Kushukuru ni wajibu, sipingi. Kwa upande wa sababu zinazopimika: karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha kuzunguka, ndiyo maana vimbunga huwa nadra sana ndani ya nyuzi 5 za ikweta. Sisi tunaanzia nyuzi 1 hadi karibu 12 kusini, kwa hiyo Lindi na Mtwara wako hatarini zaidi ya Tanga. Pili, Madagaska inakinga vingi vinavyotoka mashariki. Tatu, hewa kavu ikiingia ndani ya kimbunga inakidhoofisha.

#25 Sauti_ya_Msikiti
Na Madagaska nani aliiweka pale?

#26 Mkaa_Ukingoni
Hahaha, hapo Msomi amebanwa.

#27 Kilindoni_Yetu
Mimi dua nasoma, lakini neno "kimepoteza nguvu" naomba lisemwe kwa uangalifu. Kilipoteza nguvu juu ya nyumba zetu. Jirani yangu paa limekwenda lote na mkungu wa ndizi umebaki unaning'inia mahali pake.

#28 Mpunga_wa_Rufiji
Nimesubiri muone Rufiji mtaitaja lini.

Kwetu huwezi kumuuliza mtu "usiku wa Hidaya" akakujibu, kwa sababu ilitukuta tayari tuko ndani ya maji. Mvua za El Niño zilianza mwaka uliotangulia, Aprili yote mto umeshapanda, mpunga umeshazama, watu wako kwenye mahema. Upepo ulipokuja tulikuwa hatuna paa la kuogopea. Mama yangu anasimulia kila kitu kama tukio moja, mafuriko na kimbunga pamoja. Ukimwambia ni mambo mawili anakuuliza lipi lilimnyang'anya shamba, na hakuna anayeweza kumjibu.

Kwa hiyo mleta uzi, wewe una usiku mmoja wa kubishania na mdogo wako. Sisi tuna masika nzima imeungana.

#29 Mwana_Kivinje
Nimekuelewa ndugu yangu, na pole yenu ni kubwa kuliko yetu. Hata kwetu barabara ilipokatika Somanga na Mikereng'ende tulijua maana ya kufungiwa. Mabasi yalilala njiani, abiria wakapikiwa na wenyeji.

#30 Mkereketwa
Hidaya ilikata mpaka intaneti! Siku mbili tatu hatukuweza hata kutuma ujumbe. Nakumbuka usiku wa kimbunga nilikuwa natafuta habari, simu inazunguka tu.

#31 Kitasa
Mkuu, umechanganya. Intaneti ilizimika Jumapili tarehe 12 Mei, wiki moja baadaye. Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Kimbunga hakihusiki. Usiku wa Hidaya ulikuwa na tatizo la umeme, gridi ya Taifa ilipata hitilafu giza likatanda karibu nchi nzima.

#32 Mkereketwa
Lakini mimi nakumbuka upepo na simu haifunguki, kwa pamoja kabisa.

#33 Muuguzi_wa_Zamu
Namba 30 na 32, hicho ulichokisema ndicho nilichotaka kukiandika, asante kwa mfano.

Nilikuwa zamu usiku huo na nimewasikiliza watu wengi waliotoka kwenye nyumba zilizoanguka. Mtu akiwa na hofu kwa saa nyingi hakumbuki kwa mpangilio. Anakumbuka vipande, na kila kipande kiko wazi mno: sauti, harufu, rangi ya ndoo. Kinachopotea ni kipi kilitangulia. Baadaye akili inavipanga kwa kutumia hadithi iliyo karibu. Kwa mleta uzi, hadithi iliyo karibu ni ya shangazi. Kwa mdogo wake, huenda alisinzia. Watoto na vijana husinzia katikati ya hofu, nimeona kwa macho yangu, mtu analala kelele ikiwa juu kabisa.

Kwa hiyo inawezekana wote wawili wanasema walichokipata.

#34 Mwana_Kivinje
Dada muuguzi, nimekwenda kumuuliza tena mdogo wangu, safari hii bila ugomvi. Anakumbuka baba akitoka na tochi. Anakumbuka mpaka viatu alivyovaa, vile vya mpira vya shambani. Anakumbuka shangazi akipiga kelele. Anachokataa ni ukimya. Anasema shangazi alipiga kelele *kwa sababu* upepo ulikuwa mkali.

Sasa kama upepo ulikuwa mkali, mimi niliyekuwa mwisho wa ukumbi nimeyasikiaje maneno ya shangazi neno kwa neno?

#35 Fundi_Mabati
Bati lilikuwa limeshaondoka.

#36 Nahodha_Mstaafu
Mwanya kati ya mistari ya mvua.

#37 Binti_Lindi
Au shangazi alisema kwa sauti ya 1952. Bibi yangu alikuwa mtu wa sauti ya chini siku zote, lakini akisema neno hilo lilisikika mpaka barabarani.

#38 Mngazija
Niongeze la Mayotte, maana huko ilikuwa mchana na watu waliona. Kimbunga Chido, Jumamosi tarehe 14 Desemba 2024, asubuhi. Ndugu yangu alikuwa kaskazini ya kisiwa, ambako jicho lilipita. Anasema mwanga ulirudi, mweupe wa kuumiza macho, masikio yakamziba akawa anameza mate kuyazibua. Vilima vilivyokuwa vya kijani jana yake havikuwa na jani hata moja. Mabanda ya mabati ya upande wa pili hayakuwepo. Akakaa ndani kwa sababu alikuwa amesoma habari ya jicho. Jirani zake hawakuwa wamesoma.

Mleta uzi, masikio yalikuziba?

#39 Mwana_Kivinje
Hapana. Au sikumbuki. Mama anasema watoto walilia masikio, lakini watoto walikuwa na mafua tangu mwanzo wa wiki.

#40 Msomi_wa_Mawingu
Kuziba masikio kunatokana na mgandamizo wa hewa kushuka haraka karibu na kitovu. Kwa Kivinje, kilomita 100 kusini, mgandamizo ulishuka lakini si kwa kasi hiyo. Swali la Mngazija ni zuri sana.

Kuna ushahidi mwingine ambao hausinzii: miti. Mnazi ukianguka unalala upepo unakokwenda. Na majani ya upande uliopigwa na chumvi hukauka, yanakuwa ya kahawia upande mmoja wa mti. Ukipata minazi ya usiku ule ambayo haijakatwa, tuambie imelalia wapi. Kama yote imelalia magharibi, upepo ulikuwa wa baharini tu na haukugeuka.

#41 Mwana_Kivinje
Nimemtuma binamu na simu akapige picha. Nyuma ya nyumba iko miwili ambayo baba hakuikata. Mmoja umelalia magharibi. Wa pili umelalia kusini.

#42 Kitasa
Eeeh! Sasa itakuwaje?

#43 Shangani
Uliolalia kusini unaonyesha upepo wa kaskazi. Yaani uligeuka!

#44 Msomi_wa_Mawingu
Tusikimbilie. Kimbunga kikishaelekea bara, Kilwa inapata upepo wa kutoka kaskazini-mashariki kwa muda, hilo linawezekana bila jicho kupita. Pia ardhi ilikuwa imelowa miezi yote, mizizi imelegea, mnazi unaweza kuanguka unakoegemea tangu zamani. Uliolalia kusini, kabla ya hapo ulikuwa umesimama wima?

#45 Mwana_Kivinje
Baba anasema ulikuwa wima. Mama anasema ulikuwa umeinama tangu alipoolewa, na ndiyo sababu waliufungia kamba ya kuanikia nguo.

#46 Mkaa_Ukingoni
Ukoo huu hamkubaliani hata na mnazi.

#47 Fundi_Mabati
Na bati lilipatikana kwenye mwembe wa jirani. Jirani yuko upande gani?

#48 Mwana_Kivinje
Magharibi, mkuu.

#49 Fundi_Mabati
Basi bati liliondoka na upepo wa baharini, yaani kabla ya huko kugeuka mnakokusema, kama kulikuwepo. Nabaki na hoja yangu. Na wote mnaosoma, bila kujali nani anashinda hapa: paa la pwani misumari peke yake haitoshi, funga kenchi kwa waya mpaka kwenye ukuta, na ukingo wa upande wa bahari weka misumari mara mbili. Kazi ya nusu siku hiyo.

#50 Mvuvi_Songosongo
Habarini. Nimechelewa kuuona uzi. Mimi usiku ule nilikuwa Songo Songo, na sisi tuko kati ya Kivinje na Mafia.

Palitulia. Nasema kwa uhakika, kwa sababu nilitoka nikaenda mpaka ufukweni kuangalia ngalawa, nikarudi, na njiani niliona nyota. Chache, upande wa mashariki.

#51 Nahodha_Mstaafu
Nyota? Kijana wangu, mashariki ndiko kulikokuwa kunatoka mawingu yote. Saa ngapi hiyo?

#52 Mvuvi_Songosongo
Shikamoo nahodha. Simu ilikuwa imezima, saa sikuiona. Ila ilikuwa kabla ya alfajiri, maana nilirudi nikasali Alfajiri ndani na upepo ukiwa umesharudi.

#53 Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Upepo uliporudi ulitoka wapi?

#54 Mvuvi_Songosongo
Mimi nasema ulirudi ule ule wa mwanzo. Mke wangu anasema ulikuwa mwingine, kwa sababu mlango wa nyuma ndio uliokuwa unapiga, na mwanzo ulikuwa unapiga wa mbele.

#55 Msomi_wa_Mawingu
Huyu mama namwamini kuliko sote humu. Mlango wa nyuma unaelekea wapi?

#56 Mwana_Kivinje
Na muulize tafadhali, huo wa mbele aliufunga mwenyewe, au ulinyamaza?